Nguruwe wa Nusu kwa Nusu

"Kwa hela gani?" aliniuliza Marlys, mama wa mume wangu, bila kuinua macho kutoka kwenye unga aliokuwa anaukanda.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko lake, mkoba wa vitabu begani, nimekuja kuwachukua watoto baada ya darasa la jioni. Kila Jumanne na Alhamisi yeye hukaa na Hattie na Emmett, mimi nikienda kusoma uhasibu kwenye chuo cha mji wa jirani. Na kila Jumanne na Alhamisi hunikumbusha kwamba anakaa nao. Jioni ile nilikuwa nimemwambia neno moja tu: mwaka huu watoto nitawapeleka kwenye maonesho ya kaunti mwenyewe.

"Hela yangu," nikasema.

"Hiyo ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee?"

"Hiyo hiyo."

Akacheka puani. "Brenna, bibie, maonesho yale yanakula watu. Kutoka langoni mpaka kwenye vichezeo vya kupanda hujapata hata kupiga chafya, mfuko mweupe. Mimi nawanunulia zile bangili za karatasi za siku nzima, wanapanda kila kitu mpaka watapike, basi. Wewe kapumzike."

Mwaka uliopita nilipumzika kweli, kama kukunja mashuka zamu nzima ni kupumzika. Walirudi usiku wananuka sukari, bangili za zambarau mikononi, na Emmett akakataa kuivua yake mpaka ikachanika yenyewe kwenye maji ya kuoga. Nikiwa namsugua masikio aliniuliza, "Mama, kwa nini Bibi hakukualika kwenye maonesho yake?"

Maonesho yake! Eti Marlys ndiye aliyelisimamisha lile gurudumu kubwa la kupandisha watu angani kwa mikono yake, akawafuga na ng'ombe wote wa mabandani. Nilicheka ili mtoto asione uso wangu. Lakini neno lile lilinikaa kooni mwaka mzima.

"Nitawapeleka mimi," nikarudia.

Marlys akaipangusa mikono yake. Ni mama mpana, mjane, anayesimamia kibanda cha pai cha akina mama wa kanisa kila maonesho tangu kabla sijaolewa, na hana mazoea ya kuambiwa jambo mara mbili. "Haya, sikiliza. Ukija kuniomba hata dola moja kabla taa za gurudumu hazijawaka, mwaka kesho nawapeleka mimi. Na mwaka unaofuata mimi. Mpaka waote ndevu."

"Hattie naye aote ndevu?"

"Naye."

"Na nisipokuja?"

"Utakuja, bwana."

Mume wangu, Corey, alikuwa Montana na wavuna ngano, wale wanaoanza kusini na mashine zao na kuifuata ngano inavyoiva mpaka mpakani. Nilipompigia simu alisema, "Mama akishasema, amesema. Muache tu."

"Na mimi nikishasema?"

Nikasikia mashine inanguruma nyuma yake. "Basi uvae kofia," akasema mwishowe. "Kutakuwa na jua."

*

Jumatano, kabla ya saa sita mchana, langoni hawalipishi. Tulitoka nyumbani kwa miguu, kwa sababu anayeegesha gari pale analipia nyasi za watu kana kwamba gari litazila. Niliwavuta watoto kwenye kigari chetu chekundu. Katikati yao niliweka sanduku la barafu lenye mikate ya siagi ya karanga na maji ya bombani. Mfukoni nilikuwa na dola arobaini. Nilizikunja, nikazifunga kwa kibana nywele cha Hattie.

"Hizo ni nyingi?" Hattie aliuliza. Ana miaka sita na anapenda kujua mapema.

"Zinatosha."

"Zinatosha nini?"

"Zinatosha siku nzima. Kaa vizuri, utamwaga maji."

Asubuhi ile tulitajirika bure. Tulikaa kwenye banda la ng'ombe wa maziwa, mbele ya feni kubwa kuliko mlango wetu, tukala mikate yetu tukimtazama msichana mmoja akimuosha mtamba wake. "Mama," Hattie akanong'ona, "yule ng'ombe ana shampuu nzuri kuliko yangu." Tulipanda matrekta mapya ya wauzaji, moja baada ya jingine, na Emmett akapiga honi mpaka bwana mmoja wa tai akaniuliza kwa adabu kama nina nia ya kununua. Nikamwambia bado naangalia rangi.

Tukapita mbele ya kibanda cha pai. Marlys alikuwa ndani ya aproni yake, kisu mkononi.

"Bado?" akaniuliza kwa sauti, foleni nzima ikageuka.

"Bado, Mama. Biashara njema!"

"Mchana mrefu huu!"

Na kweli ulikuwa mrefu. Vichezeo vilifunguliwa, muziki ukaanza, na watoto wangu wakaacha kuwa matajiri. Nikanunua karatasi ya tiketi ishirini kwa dola ishirini na tano, maana mojamoja hawauzi. Tukaenda kwenye foleni ya joka la kijani, kigari kidogo cha reli kinachozunguka kama mbwa anayetafuta mkia wake.

Pale getini palikuwa na kibao cha kupimia urefu, chenye picha ya mchekeshaji aliyenyoosha mkono, na kijana aliyeungua pua kwa jua. Emmett akasimama chini ya ule mkono. Kati ya nywele zake na mkono ule pangeweza kupita sahani.

"Huyu hapandi peke yake," kijana akasema. "Awe na mtu mzima."

"Mimi hapa."

"Tiketi nne zake, nne za dada, nne zako."

"Zangu za nini? Mimi sitaki kupanda joka."

"Lakini unapanda."

"Napanda kwa sababu umesema nimshike! Mimi ni mkanda wake wa usalama. Ule mkanda wa chuma pale, unautoza tiketi?"

Nyuma yangu baba mmoja mwenye mapacha kifuani akacheka. "Mwambie, dada!"

"Mama, sheria sikuandika mimi," kijana akasema.

"Aliyeandika hana watoto."

"Anao watano. Ndio maana ameandika."

Nikatoa tiketi kumi na mbili, nikakaa ndani ya joka magoti yakinigusa kidevu, na nikamshika mwanangu. Tulizunguka. Emmett alipiga kelele kwa furaha mfululizo, mkono mmoja juu, na kwa muda ule sikukumbuka kitu kinaitwa bei. Kisha joka likasimama, na nikakumbuka.

Kuanzia hapo kila kibao kilikuwa na mkono wake. Kwenye magari ya kugongana Emmett aliambiwa mfupi. Kwenye nyumba ya vioo, mfupi, labda nilipie na mimi. Hattie alibembea mara moja kwa tiketi nne, sisi tukimpungia mkono kutoka chini, na zikabaki nne, ambazo hazikumtosha hata mtu mmoja kupanda gurudumu kubwa. Tulinunua juisi ya limau, glasi moja ya watu watatu, dola saba. Nikawaacha wavue bata wa plastiki kwenye beseni, dola tatu, tukashinda kitana.

Emmett akasimama mbele ya kibao cha mwisho, akainua visigino, akavuta shingo. Kisha akanigeukia. "Mama, mimi nimepungua?"

"Hujapungua, mpenzi wangu."

"Mwaka jana na Bibi nilipanda."

Mwaka jana Bibi alinunua bangili zake na za watoto, akapanda na kiuno chake kibovu, na alilipia yote bila kuuliza mkanda wa chuma unatozwa nini. Hilo nalo lilikuwa kweli, na lilinichoma. Nikajifuta jasho kwa mgongo wa mkono na kuhesabu tena: dola tano. Upande wa pili wa njia niliona aproni nyeupe. Hakunipungia. Alikuwa anasubiri tu.

"Njooni," nikasema. "Kuna kitu cha bure hatujakiona."

*

Kila mwaka alasiri ya Jumatano, nyuma ya banda la kondoo, hufunguliwa uwanja wa kukamata nguruwe. Watoto wadogo huingizwa kwanza, kundi zima kwa wakati mmoja, kisha wanaachiliwa nguruwe wachache, wadogo nao. Nguruwe wanaokimbizwa na watu wazima hupakwa mafuta ili wateleze. Wa watoto hawapakwi. Mtoto akimshika mmoja na kumzuia mpaka mtangazaji amalize kuhesabu, nguruwe ni wake, anakwenda naye nyumbani.

Mtangazaji akatuuliza sisi wazazi tulioegemea uzio, kupitia kipaza sauti chake, "Wazazi, mnajua akimshika ni wake? Mko tayari?"

"Tayari!" tukaitika wote, tunacheka. Kila mtu huitika. Nani amewahi kuona mtoto wa miaka minne akishika nguruwe?

Filimbi ikalia. Hattie akakimbia kwa akili, akizunguka pembeni kama alivyonieleza atafanya, na nguruwe wake akawa na akili zaidi. Watoto walianguka, wakaamka na tope usoni, wakawakimbiza na kukimbizwa. Emmett hakukimbia. Alisimama palepale nilipomuacha, mikono wazi, kama mtu anayengojea kukumbatiwa. Na nguruwe mmoja mweupe, mwenye sikio moja jeusi, aliyekuwa anawakwepa wengine wote, akaingia moja kwa moja tumboni kwake.

Wakaanguka pamoja. Emmett akashika mguu wa nyuma kwa mikono yote miwili. Nguruwe akapiga kelele ya kutoboa masikio, na Emmett akapiga yake, kubwa zaidi. Akaburutwa. Suruali ikashuka. Hakuachia.

"Muache, Emmett!" nikapiga kelele, kwa woga.

"Usimuache!" Hattie akapiga kelele kunishinda.

"...na tano!" akasema mtangazaji. "Jamani, huyu mfupi kuliko wote! Anaitwa nani?"

Nilipofika katikati ya uwanja mwanangu alikuwa amelala juu ya nguruwe, tope mpaka kwenye kope. Wote wawili walikuwa wanahema. "Nimemshika mimi," akaniambia. "Hawakunipima."

Mwenye nguruwe, Verlin, mzee mwembamba wa kofia ya kampuni ya mbegu, alikuwa ameshafika na pochi wazi. Kumbe ndiyo desturi: watoto wanashinda, wanapigwa picha, kisha yeye anawanunua nguruwe wake tena kutoka kwa wazazi wenye akili, na kila mtu anarudi nyumbani msafi.

"Hongera, kijana. Mama, nakupa dola arobaini, nimrudishe kwa mama yake."

Dola arobaini. Hela yote niliyotoka nayo nyumbani, mkononi mwangu tena, na siku haijaisha.

"Mama!" Hattie akanivuta shati. "Gurudumu! Sote watatu! Na sukari ya pamba! Mama, sema ndiyo!"

Emmett alimkaza nguruwe shingoni na kunitazama, na niliona wazi kwamba anangojea nimwambie naye hili hapana. Siku nzima watu wazima walikuwa wamemwambia. Mimi ningekuwa wa mwisho kwenye foleni.

"Una pa kumuweka?" Verlin akauliza kwa upole. "Unaishi kwenye zile nyumba za trela, au siyo? Hawaruhusu hata paka pale."

"Hawaruhusu."

"Basi chukua, mwanangu. Usijitie taabu."

"Ahsante, Verlin," nikasema. "Hauzwi."

"Nikupe arobaini na tano?"

"Hata hamsini. Amemshika mwenyewe. Mimi nilisema tayari, ukanisikia."

Akakuna kichwa chini ya kofia. "Nilikusikia. Na wenzako nao huwa nawasikia." Akatoa kamba mfukoni, akamfunga nguruwe mguu, na kumpandisha kwenye kigari chetu mahali pa sanduku la barafu. "Ya kamba sikutozi," akasema.

*

Hattie alilia mpaka tulipofika kwenye banda la kuku. Alipomaliza kulia akaanza kufikiri, na hapo ndipo huwa wa kuogopwa.

"Bibi ana zizi tupu," akasema.

"Najua."

"Lakini ukimuomba, umeshindwa. Nilikusikieni mkibishana jikoni." Akaangalia juu, kwenye gurudumu lililokuwa linazunguka bila taa. "Tukae hapa mpaka ziwake. Zikishawaka tukamuombe. Itakuwa hujashindwa."

Mtoto wa miaka sita! Nilimbusu kwenye tope. Nami wazo hilo lilikuwa limenipitia, nisiseme uongo. Lakini nilijiona nimejibanza nyuma ya kuku na nguruwe kwenye kigari, namsubiri mtu awashe swichi ili niwe mama wa watoto wangu, na nikakataa.

"Tunakwenda sasa hivi," nikasema. "Na hatuombi."

"Tunafanya nini?"

"Shika kamba. Tunakwenda kufanya biashara."

Tulikatiza katikati ya umati. Watu walitupisha, maana nguruwe ana harufu yake. Wengine walipiga makofi, na yule baba wa mapacha akaniuliza kama huyo naye nimemlipia tiketi ya mtu mzima. Foleni ya pai ilikuwa ndefu. Marlys alituona tukiwa bado mbali, akaangalia gurudumu, akaangalia saa yake, na akaweka kisu chini kwa raha zote.

"Aha," akasema. "Karibu, mwanangu. Dola ngapi?"

"Sijaja kuomba, Mama."

"Umenijia na nguruwe kwenye kibanda cha kanisa, unanuka kama yeye, hujaja kuomba. Umekuja kusali?"

Foleni ikacheka. Nikasubiri wamalize.

"Emmett ana nguruwe. Wewe una zizi na mahindi. Nataka tumfuge nusu kwa nusu. Mahindi yako, kazi yetu: mimi na watoto tutakuja kila siku, siyo Jumanne na Alhamisi tu, tumlishe, tumsafishie, tutoe mbolea. Akiuzwa, nusu yako, nusu ya Emmett."

"Hiyo ni kuomba kwa maneno mengi."

"Basi Baba Arlo naye alikuwa ombaomba."

Arlo ni marehemu mume wake. Kila Krismasi, tukishakula, Marlys hutusimulia jinsi Arlo alivyomuoa akiwa hana hata uzio, akaenda kwa jirani mwenye ardhi na kumwambia, nipe nguruwe jike mmoja nimlee nusu kwa nusu, na jinsi shamba lote lilivyotoka kwenye tumbo la jike yule. Husimulia hadithi ile kwa kifua mbele. Hajawahi hata mara moja kusema kwamba Arlo aliomba.

Shingo ya Marlys ikawa nyekundu. Mama mmoja wa kanisa aliyekuwa anaosha sufuria akaacha kuosha.

"Theluthi," Marlys akasema.

"Nusu."

"Mahindi unajua bei yake wewe?"

"Najua. Nasomea. Nusu."

"Na daktari wa mifugo?"

"Nusu kwa nusu."

"Na akitoroka akala bustani yangu?"

"Nitapanda upya kwa mikono yangu."

Akaegemea kaunta na kumchungulia nguruwe, kwa jicho la mtu aliyetazama nguruwe wengi. Akamminya mgongo. "Mgongo anao," akakubali, bila kupenda. "Kufika Novemba atakuwa ameiva. Usimuache mtoto ampe jina, Brenna, utajuta."

"Anaitwa Joka," Emmett akasema.

"Ameshachelewa," nikasema.

Marlys akafumba macho kidogo. Nilijua tunafikiria Novemba ileile, na kwamba siku hiyo itabidi mmoja wetu amweleze Emmett kwamba Joka anakwenda kuchinjwa. Nilijua pia itakuwa mimi, na kwamba nitamwambia ukweli, kisha nitamuonesha nguruwe wa pili ambaye nusu yake itamnunua. Wenye mifugo kwenye maonesho huingilia lango la nyuma, na wao hawaulizwi tiketi wala urefu. Mwaka kesho tutapitia huko.

"Nusu," Marlys akasema, akaupangusa mkono kwenye aproni na kuunyoosha juu ya kaunta. Nikaushika. Ulikuwa na unga, wangu ulikuwa na tope. Kisha hakumpa mkono Hattie wala hakunitazama mimi, alimnyooshea Emmett. "Na wewe, mwenye mali."

Emmett akampa mkono kwa heshima kubwa.

"Haya, mnaziba foleni," akasema Marlys. "Mnanunua au mnatazama?"

"Kipande kimoja cha cheri. Uma tatu."

"Dola nne."

Nikaitoa noti yangu ya mwisho kwenye kibana nywele cha Hattie, nikaiweka kaunta. Tukakaa kwenye nyasi kando ya kibanda, nguruwe kati yetu, tukala. Hattie akapewa ile cheri kubwa ya katikati, fidia ya gurudumu alilolikosa. Jua likazama nyuma ya maghala ya nafaka, na bila mtu yeyote kutangaza, taa za gurudumu zikawaka zote kwa pamoja, nyekundu na nyeupe, zikaangukia usoni mwa watoto na kwenye sikio jeusi la Joka.

"Maonesho yetu," Emmett akasema, mdomo umejaa.

Nikainuka, nikarudi kaunta. Foleni ilikuwa imepungua. Marlys alikuwa anatazama juu pia.

"Zimewaka," akasema.

"Naziona."

"Hukuniomba hata dola."

"Sikukuomba. Ila moja unayo yangu, Mama. Nilikupa tano."

Nikanyoosha mkono, kiganja juu, na sikuushusha mpaka aliponiwekea chenji yangu.